Bima Ililipia Kila Kitu Isipokuwa Ugonjwa Wenyewe

Kwa miaka mingi bima ya kazini kwangu ilinilipia vidonge vya presha, vidonge vya sukari, sindano za magoti na mashine ya kunisaidia kupumua usiku. Niliwahi kulazwa presha ilipopanda mpaka macho yakaingia kiza. Ikalipa na hilo. Daktari alipoandika kwamba chanzo cha yote hayo ni uzito, na kwamba uzito wenyewe una tiba, bima ile ile ikajibu kwamba tiba hiyo haiihusu. Natoa ushuhuda huu kwa kuwa nimelipita jambo hilo nikatoka salama, na kwa kuwa nawafahamu Waswahili wenzangu hapa Marekani, hasa sisi wa malori, ambao wana barua kama ile kwenye droo na wanaamini shauri limekwisha.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, makazi yangu ni Houston, Texas, na kazi yangu ni kuendesha semi. Sheria ya hapa inamruhusu dereva wa mizigo kushika usukani hadi saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10. Ukiishika barabara ya I-10 kwenda El Paso, au ukielekea mashariki, Louisiana mpaka Florida, saa zote hizo umekaa. Chakula ni kile unachokikuta kwenye kituo cha malori usiku wa manane: kuku wa kukaanga aliyeshinda kwenye kabati la moto, pizza, soda ya glasi ya lita nzima. Usingizi leo unaupata mchana, kesho usiku, kulingana na dispacha alivyokupangia. Nilipofika nchi hii nilikuwa mtu wa mwili wa kawaida. Nilipoanza kuhangaika na mambo haya nilikuwa na kilo 150, na urefu wangu ni sentimita 173.

Sitaki mtu asome hapo aseme, kumbe ni soda na kuku tu. Wapo madereva wenzangu wanaokula hayo hayo na miili yao iko vilevile. Kwetu upande wa mama wote ni watu wanene, na sukari imewapitia karibu wote. Nimejinyima kula, nimekunywa maji ya ndimu asubuhi, nimelipia jimu, nimewahi kupungua kilo 20 na zote zikarudi na nyongeza. Madaktari wanaeleza kwa nini: mwili uliopungua kwa kujinyima huongeza homoni ya njaa na hupunguza nguvu unazotumia hata ukiwa umelala, na hali hiyo huendelea muda mrefu baada ya ile diet kuisha. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliutambua unene uliokithiri kuwa ni ugonjwa mwaka 2013. Mimi nilielezwa hayo na daktari mwanamke aliyevuta kiti akakaa karibu yangu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza juu ya mwili wangu bila kuinamisha kichwa.

Maana nyumbani hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Kila nilipokwenda likizo Tanga nilisifiwa. Umenawiri, Marekani imekukubali. Wanaosema hivyo wanakupenda, na ndiyo sababu inakuwa vigumu kuwaambia kwamba kupanda ngazi za nyumba ya mama unapumzika katikati. Ni shangazi mmoja tu, ambaye sukari ilimkata mguu, aliyenivuta uani akaniambia taratibu, "Baba, hiyo si afya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukirudi huko nenda ukaseme."

Nilikwenda kusema, lakini kilichonisukuma zaidi ni kadi. Dereva wa semi hapa hatembei na leseni peke yake. Lazima awe na kadi hiyo, yaani cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba ni mzima wa kuendesha. Mtu mwenye afya hupewa cha miaka 2. Mwenye presha kama mimi hupewa cha mwaka, na daktari akitilia shaka anaweza kukupa cha miezi michache au asikupe kabisa. Yule aliyenipima alizungusha utepe shingoni kwangu, akaniuliza kama mke wangu hulalamika kuhusu kukoroma, akaandika kwamba bila kipimo cha usingizi hatatia saini. Sheria ya shirikisho haina kifungu mahususi juu ya kuziba pumzi usingizini. Imemwachia mpimaji aamue. Yeye aliamua, na sasa namshukuru.

Kipimo kilionyesha kwamba pumzi yangu ilikuwa inakatika au kupungua mara 62 kwa saa. Ikifika 30 tayari wanaita hali kali. Nikapewa mashine yenye bomba na barakoa, na sharti la kuitumia angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku, la sivyo kadi inasimama. Mashine yenyewe ndiyo inayotoa ripoti. Huwezi kusema ulilala nayo kama hukulala nayo. Wasioijua kazi hii niwaeleze inavyokuwa. Umeegesha Louisiana mwezi wa Julai, joto halijashuka hata usiku, umeacha injini inanguruma ili upate umeme na hewa baridi, umejikunja kwenye kitanda cha nyuma ya kiti ambacho hakikutengenezwa kwa mtu wa kilo 150, na barakoa imekukaza usoni mpaka asubuhi mistari ya mikanda iko mashavuni. Unaamka unasikiliza lori la jirani likiondoka na unajiuliza utaendelea hivi mpaka lini.

Daktari wangu alinipa jibu: upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Aliniambia kwamba si jambo jipya wala la majaribio. Taasisi za taifa za afya za Marekani ziliketi mwaka 1991 zikaweka kiwango: mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 40 na kuendelea, au 35 akiwa na ugonjwa mzito unaotokana na uzito, anafaa kupasuliwa. Yangu ilikuwa 50. Medicare, bima ya serikali ya wazee na walemavu, ilikubali kulipia upasuaji huo mwaka 2006 kwa wenye BMI ya 35 na ugonjwa unaoambatana. Mwaka 2022 vyama vya madaktari bingwa wa eneo hilo vilisogeza kiwango, vikasema 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Hatari ya kufa kwa upasuaji huo kwenye kituo chenye uzoefu, alisema, inakaribiana na ya kutolewa kibofu cha nyongo. Nilitoka pale nikiwa mwepesi moyoni.

Siku ya pili nikapiga simu bima. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alitafuta, akarudi, akasema mpango wetu haulipii tiba yoyote ya kupunguza uzito, iwe upasuaji, dawa au programu, hata daktari akisema ni lazima. Nikamwuliza kama naweza kukata rufaa. Akasema kukata unaweza, lakini jambo halimo kwenye mkataba.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapopotelea. Hapana ya bima iko ya namna mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo: mkataba wenyewe umeitoa tiba nje. Hapo ukileta vyeti, ukileta daktari, ukileta machozi, anayekujibu hana cha kukupa, kwa kuwa swali lake si kama wewe ni mgonjwa. Ya pili ni pale tiba imo kwenye mkataba lakini wanasema wewe hujatimiza masharti, au kwamba kwako wewe si lazima kitabibu. Hiyo ya pili inabishiwa, na inashindwa. Mtu asipojua ameandikiwa ipi kati ya hizo mbili, atapigana pasipo na mlango na atakata tamaa mbele ya mlango ulio wazi.

Na kuna jambo jingine nyuma yake. Waajiri wengi wakubwa hapa hawanunui bima. Wanalipa matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wao wenyewe, na kampuni ya bima unayoiona kwenye kadi ni karani wa kupitisha malipo. Mipango hiyo inatawaliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na sheria za majimbo zinazolazimisha bima kulipia tiba fulani haziigusi. Aliyeamua uzito usilipiwe ni mwajiri. Hapa Texas kuna njia rahisi ya kutambua. Kadi ya bima iliyo chini ya jimbo huandikwa herufi TDI au DOI. Nilitoa yangu kwenye pochi nikaigeuza mbele na nyuma. Hazikuwemo.

Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kadi yake ilikuwa nayo. Alikuwa ameketi mezani bado na sare ya kazi, akaiweka kando ya yangu, akaniambia, "Baba watoto, mbona hii yangu inayo?" Usiku ule tulipakua mkataba wake kwenye simu, kurasa zaidi ya mia, tukatafuta neno la uzito mahali lilipo. Upasuaji ulikuwemo, kwa masharti. Ilikuwa mwezi wa Novemba 2023, msimu ambao wafanyakazi wanaruhusiwa kubadilisha bima. Makato ya mshahara wake yangepanda sana kwa kuniingiza mimi. Tulipiga hesabu ya kodi ya nyumba, ya karo, ya pesa tunazotuma Tanga kila mwezi. Yeye ndiye aliyesema tuandike. Januari nikaingia.

Masharti yalikuwa ni programu ya miezi 6 chini ya daktari na mtaalamu wa lishe, tathmini ya mwanasaikolojia, vipimo vya moyo na vya usingizi, na ushahidi kwamba nimejaribu njia nyingine. Nasema wazi kwamba hiyo miezi 6 siikubali kama sharti la bima. Chama cha madaktari wa upasuaji huu Marekani kiliandika mwaka 2016 kwamba hakuna ushahidi kuwa kumlazimisha mgonjwa asubiri kwenye programu ya lishe kunaboresha matokeo, na kwamba kuchelewesha kunawaumiza watu. Mtu mwenye kansa haambiwi akajaribu kwanza nusu mwaka aonyeshe nia. Lakini mtaalamu wa lishe niliyempata alikuwa mtu wa msaada sana. Alinifundisha kula kwenye lori: mayai ya kuchemsha kwenye kijokofu kidogo cha umeme wa lori, maharage ya kopo yaliyosuuzwa chumvi, samaki, karanga za kupima kwa kiganja, maji mpaka chupa iishe kabla ya El Paso. Alipojua natoka pwani aliniuliza tunakula nini, tukapanga pamoja mchuzi wa samaki bila nazi nyingi na ugali wa ukubwa wa ngumi. Nilianza Machi 2024.

Kupata lodi zinazonirudisha Houston kila mwezi siku ya kliniki si kazi ndogo. Dispacha wangu, Mmarekani wa makamo, nilimweleza ukweli wote, naye akawa ananitafutia mizigo ya San Antonio na Baton Rouge wiki hizo. Hata leo namwombea.

Julai 8 kimbunga Beryl kikapiga. Zaidi ya wateja milioni 2 wa eneo la Houston walikosa umeme, wengine kwa siku nyingi, katika joto lililoua watu majumbani. Kliniki ilifungwa. Miadi yangu ilikuwa wiki ile ile. Ikasogezwa mpaka mwanzoni mwa Agosti, na mwisho wa Agosti nikaenda tena kumalizia. Mratibu wa kliniki akafunga faili, akalituma bima kuomba kibali.

Jibu lilikuja kwa posta. Sehemu kubwa ya kurasa zile ilikuwa maelezo ya haki zangu kwa lugha nyingi, Kihispania, Kivietinamu, Kichina, Kiarabu, Kiurdu, ila Kiswahili hakikuwemo. Sababu yenyewe ilikuwa mistari mitatu. Upasuaji haujathibitika kuwa wa lazima kitabibu kwa kuwa mwombaji hakukamilisha miezi 6 mfululizo ya programu. Hakuna kumbukumbu ya mwezi wa Julai. Mke wangu aliufuata mstari ule kwa kidole akarudia mara mbili. "Julai hii? Julai hii ya Beryl?" Akainuka akaenda kusimama jikoni, akanipa mgongo.

Mimi nilijisikia kama nimevuliwa nguo njiani. Si kwa sababu ya upasuaji tu. Ni kwamba nilikuwa nimewaambia watu wa bima kila kitu changu, uzito, usingizi, hata aliyoniuliza mwanasaikolojia juu ya utoto, na waliokaa na hayo yote wameona pengo la kalenda. Wiki ile nilibeba lodi ya Florida na niliendesha bila kuwasha redio.

Aliyenirudisha ni mratibu wa kliniki, mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi. Aliniambia kwa simu, "Hii si hapana ya mkataba. Hii ni ile nyingine. Una siku 180 za kukata rufaa, na kabla hujaandika neno lolote, waombe faili lako lote na vigezo walivyotumia. Ni lazima wakupe, na hawaruhusiwi kukutoza." Niliomba kwa barua ya rejesta. Vilikuja. Nikaketi navyo kwenye kituo cha malori nje ya Beaumont, taa ya kichwani imewashwa, nikasoma mstari kwa mstari na kamusi ya simu pembeni. Kigezo kilisema programu ya angalau miezi 6 iliyosimamiwa na mtaalamu, yenye kumbukumbu za mahudhurio. Hakikusema kila mwezi wa kalenda uwe na hudhurio. Barua ilikuwa imenidai kitu ambacho sera yao yenyewe haikudai.

Nilimpigia mke wangu saa ile ile. Alikuwa zamu ya usiku, akaenda stoo ya mashuka kupokea, nikamsomea kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nilimsikia anacheka na analia kwa pamoja.

Tuliandika rufaa. Naeleza yaliyomo kwa sababu najua kuna atakayeyahitaji. Kwanza kigezo chenyewe, kimenukuliwa na kuwekewa namba ya ukurasa. Kisha barua ya kliniki kuthibitisha kwamba walifunga kwa kimbunga na kwamba miadi aliisogeza daktari, si mimi. Kumbukumbu za uzito kwa miaka mitano kutoka kwa daktari wa familia, zikionyesha kupungua na kurudi. Kipimo cha usingizi. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Orodha ya dawa. Barua ya daktari aliyenipa kadi ya udereva, aliyeandika kwamba hali ikiendelea hataweza kuithibitisha tena. Na barua ya daktari mpasuaji, iliyotaja viwango vya 1991 na 2022 na msimamo wa 2016 juu ya kucheleweshwa. Barua yangu mimi ilikuwa ukurasa mmoja. Mratibu alinikataza kuandika kwa hasira, na alinikataza pia kuomba huruma.

Rufaa ya kwanza walikataa. Sheria inataka asiyehusika na uamuzi wa mwanzo ndiye aisikilize, na ni kweli saini ilikuwa ya mtu mwingine, lakini maneno yalikuwa yale yale. Nitasema jinsi nilivyoona: nadhani wengi huachia hapo. Umechoka, umesubiri, na barua ya pili inakufanya uamini kwamba ya kwanza ilikuwa sahihi.

Lakini tangu sheria ya afya ya mwaka 2010, mtu aliyekataliwa kwa sababu ya kitabibu ana haki ya kupeleka shauri nje ya kampuni, ndani ya miezi 4, kwa mtathmini huru. Texas ilikuwa na utaratibu huo hata kabla, tangu 1997, na kwa bima zilizo chini ya jimbo anayempanga mtathmini ni Idara ya Bima, wala si kampuni unayoshitakiana nayo. Mgonjwa halipi kitu. Uamuzi ukitoka upande wake, kampuni inafungwa nao. Tulijaza fomu, tukaambatisha faili lile lile. Daktari aliyelipitia, ambaye jina lake sikuwahi kulijua, aliandika kwamba nimetimiza vigezo vya sera, kwamba hudhurio lililosogezwa kwa kimbunga halivunji programu, na kwamba upasuaji ni wa lazima kitabibu. Uamuzi umegeuzwa.

Nilikuwa yadi nasubiri trela ipakiwe simu ilipokuja. Nilishuka nikasujudu pale pale kwenye lami, na mlinzi wa geti akaja mbio akidhani nimeanguka.

Ilikuwa Desemba, na nafasi ya upasuaji ikapatikana Januari 2025. Maana yake ni kwamba mwaka wa bima ulikuwa umeanza upya na ile sehemu ya kujilipia tukaianza kutoka sifuri. Sheria imeweka kikomo cha mtu kujilipia kwa mwaka, na mwaka huo kilikuwa dola 9,200 kwa mtu mmoja. Sisi hatukufika huko, lakini tuliumia. Bila bima ningehitaji dola 15,000 mpaka 25,000, ndiyo maana watu wanavuka kwenda kupasuliwa Mexico. Hapo nina neno kwa jumuiya yetu. Dereva mwenzetu alipokutwa amefariki kitandani mwa lori lake, kundi la WhatsApp lilichanga usiku mmoja fedha za kuusafirisha mwili, na nilichanga. Ni utu, na Mungu atulipe. Lakini mtu huyo huyo angeandika kwenye kundi kwamba anahitaji msaada wa tiba ya unene, najua angejibiwa nini. Nataka tuwe watu wa kuchangia mgonjwa kabla hatujachangia jeneza.

Nilifanyiwa upasuaji ule wa kubakisha kifuko kidogo cha chakula na kukiunganisha na utumbo kwa njia ya mkato, kwa kuwa ndio uliopendekezwa kwa sukari yangu. Siku za kwanza unakunywa supu kwa kijiko cha chai. Ramadhani ilianza Machi 1, nikiwa bado sijapona sawasawa, daktari akanizuia kufunga na imamu wetu akaniambia ruhusa ya mgonjwa ni ya Mwenyezi Mungu, niipokee. Niliketi na familia kwenye futari, wao na mihogo ya nazi, tende na uji wa pilipili manga, mimi na samaki wa kuponda kwenye sahani ya mtoto wetu mdogo, aliyefurahi sana kwamba baba anatumia sahani yake. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka mkononi nikichana. Wakaniambia ni kawaida, na zilirudi. Nikila kitu cha sukari mwili unatetemeka na jasho linanitoka. Vitamini, chuma na kalsiamu nitameza maisha yangu yote, na damu nitapimwa kila mwaka. Yeyote anayeita hii njia ya mkato ya wavivu hajawahi kuipita.

Leo nina kilo 102. Vidonge vya sukari daktari aliviondoa. Presha imebaki kidonge kimoja. Kipimo cha usingizi kilirudiwa, kikatoka 62 kikawa 9. Likizo iliyopita nilipanda ngazi za nyumba ya mama nimebeba gunia la mchele begani, na shangazi alikuwa juu kwenye baraza akihesabu hatua kwa sauti.

Kuna wanaoniuliza habari za sindano za kila wiki. Nasema ni dawa za kweli. Wegovy iliidhinishwa kwa uzito mwaka 2021, na Desemba 2024 Zepbound ikaidhinishwa hata kwa kuziba pumzi usingizini kwa wenye unene uliokithiri, jambo linalotuhusu sana madereva. Lakini bei ya orodha ya Wegovy ilikuwa karibu dola 1,350 kwa mwezi, bima nyingi zinaikataa, na sheria ya mwaka 2003 iliizuia Medicare kulipia dawa kwa ajili ya kupunguza uzito peke yake. Kwa hiyo kabla ya kubishana nyumbani juu ya sindano au kisu, someni mkataba wenu mjue mlichonacho.

Mwajiri wangu bado ana kile kifungu. Wapo madereva pale ambao wake zao hawana kadi kama ya mke wangu, na wengine hawajaoa. Kama nilivyosema, mpango ni wa kampuni yenyewe. Aliyekiandika kifungu ana uwezo wa kukifuta bila kungoja bunge la Texas wala la Washington. Kwa hiyo tuliandika, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Wamexico na Wamarekani pamoja, tukaomba upasuaji na dawa za unene uliokithiri viingizwe kwa viwango vile vile vya madaktari. Niliambatisha karatasi zangu za hesabu: bima ilikuwa ikilipa nini kwa mwaka kabla ya upasuaji, na sasa ninatumia nini. Ofisi ya wafanyakazi ilijibu kwamba suala litajadiliwa watakapopanga bima ya mwaka unaofuata. Tumewaandikia tena kuomba dereva mmoja aruhusiwe kuingia kwenye kikao hicho aeleze mwenyewe, na wenzangu wamenichagua mimi.